Mwongozo kamili: kupeleka watoto hoteli ya ufukweni Mtwara, ukianza na saa za maji

Kila likizo ya Juni na Desemba wazazi wananiandikia jambo lile lile. Wamesafiri kutoka Dar, Dodoma au Songea, wamelipia hoteli ya ufukweni, watoto wameamka na nguo za kuogelea mwilini, na saa 4 asubuhi bahari imerudi nyuma, imeacha tope, majani na mawe. Watoto wanalia, baba anailaumu hoteli, mama anadai warudishiwe pesa. Siku ya tatu wanaondoka bila kuogelea vya kutosha.

Hoteli haina kosa hapo. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na tarehe za safari zilichaguliwa bila kuliangalia hilo. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja: maji kwanza, hoteli baadaye, mengine yote mwisho. Nimeuandika kwa fukwe nne za Mtwara: Shangani, Mikindani, Msangamkuu na Msimbati. Anayekwenda Lindi autumie vilevile, nitataja panapotofautiana.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Usisubiri kununua Mtwara. Maduka yapo, lakini saizi za watoto hazipatikani kwa uhakika.

- Kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo, au programu ya simu inayoonyesha kujaa na kupwa kwa maji kwa Mtwara. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari nayo hutoa jedwali la maji.
- Yeboyebo au raba kuukuu kwa kila mtu, wazazi mkiwemo. Kandambili hazifai, zinavuka mguuni mara maji yanapofika magotini.
- Jaketi okozi la saizi ya kila mtoto. Maboya ya kupuliza ya mkononi ni vitu vya kuchezea, hayaokoi mtu.
- Fulana za mikono mirefu za kuogelea nazo, kofia, na losheni ya jua.
- Chandarua cha akiba, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu.
- Sanduku dogo la huduma ya kwanza: siki chupa moja, kibano, pakiti za ORS, dawa ya homa ya watoto, plasta, kipimajoto.
- Chupa ya chai ya kutunzia maji ya moto. Sababu yake utaiona hatua ya 8.
- Kadi za bima ya afya na nakala za vyeti vya kuzaliwa. Hoteli nyingine hutaka ushahidi wa umri ndipo itoe bei ya mtoto.
- Kanga na vikoi. Leta vingi kuliko unavyodhani vinatosha.

## Hatua ya 1: Hesabu maji kabla ya kuchagua tarehe

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoharibu safari nyingi.

Mwambao wetu una vipindi viwili vya maji vinavyopokezana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, tofauti ya juu na chini ikizidi mita 3. Mwezi unapokuwa nusu tunapata maji mafu: tofauti hushuka hadi kama mita 1, bahari haiendi mbali na mkondo hupoa.

Sasa jambo ambalo wavuvi wanalijua na wageni hawaambiwi. Huku kwetu saa za bamvua na za maji mafu hurudi zile zile. Siku za bamvua maji hupwa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: yanajaa karibu saa 4 asubuhi na kupwa karibu saa 10 jioni. Kila siku inayofuata saa huchelewa kwa wastani wa dakika 50.

Ukiwa na tarehe ya mwezi mwandamo unaweza kukisia bila intaneti:

- Tarehe 1 hadi 3, na 15 hadi 18: bamvua. Asubuhi pakavu, kuogelea ni alasiri.
- Tarehe 4 hadi 6, na 19 hadi 21: maji hujaa mapema asubuhi na tena magharibi. Mchana kweupe ni pakavu. Kwa familia hizi ndizo siku ngumu kuliko zote.
- Tarehe 8 hadi 10, na 22 hadi 25: maji mafu, yanajaa asubuhi.
- Tarehe 11 hadi 13, na 26 hadi 28: yanajaa kati ya adhuhuri na mapema alasiri, na kila siku yanaongezeka nguvu.

Hayo ni makisio ya kuchagulia tarehe. Ukishachagua, pata saa kamili kwenye jedwali au programu. Angalia vizuri kwamba umeweka Mtwara, na kumbuka programu nyingi huandika 16:00, yaani saa 10 jioni. Yupo mzazi aliyesoma 10:00 akadhani ni saa 10 jioni, akapeleka watoto maji yakiwa chini kabisa.

Uchague kipi? Wenye watoto chini ya miaka 6 nawashauri maji mafu bila kusita. Mtoto mdogo ana nguvu na furaha asubuhi, jua bado halijachoma, na bahari imetulia. Wenye watoto wa miaka 7 na kuendelea watafurahia zaidi bamvua: asubuhi wanatembea kwenye vidimbwi vya miamba kuangalia kaa, kiti cha pweza na samaki wadogo, jioni wanaogelea.

Umefanikiwa ukiwa na karatasi yenye kila siku ya safari, saa ya maji kujaa na saa ya kupwa. Iweke, tutairudia.

## Hatua ya 2: Linganisha na msimu

Mtwara na Lindi zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Juni hadi Oktoba ni kukavu, na ndio wakati mzuri wa familia. Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu, hasa mchana. Hewa ni ya baridi kidogo na fukwe zilizo wazi huwa na mawimbi. Septemba na Oktoba bahari hutulia.

Desemba inawezekana, lakini joto ni kali na mvua inaweza kuanguka siku nzima. Aprili na mwanzoni mwa Mei sikushauri kabisa kwa wanaokuja kwa gari. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, wasafiri wakakwama na watoto wao barabarani.

Jambo jingine: kuanzia Oktoba ni msimu wa korosho. Wanunuzi na wasafirishaji hujaza vyumba mjini, na bei hupanda. Ukitaka Oktoba au Novemba, weka nafasi mapema.

## Hatua ya 3: Chagua ufukwe kwa umri wa mtoto

Picha zote za ufukwe hufanana. Kinachotofautiana ni kina, mkondo na chini pakoje.

Shangani, Mtwara mjini. Karibu na hospitali, maduka na usafiri. Maji yakipwa, miamba hujitokeza. Panafaa familia inayokuja mara ya kwanza, mradi mfuate saa za maji.

Mikindani. Kilomita 10 hivi kutoka mjini. Ghuba imefungwa kwa hiyo maji ni shwari hata kusi ikivuma, ila yakipwa huacha tope jingi. Chagua hoteli yenye bwawa.

Msangamkuu. Rasi iliyo ng'ambo ya mji, unavuka kwa kivuko. Mchanga mzuri. Wengi huenda kwa siku moja wakarudi hotelini.

Msimbati. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Mchanga mweupe, maji safi, na kwa uzuri siujui ufukwe wa kuuzidi. Lakini sehemu nyingine kina huanza hatua chache tu kutoka nchi kavu, na maji yanapoingia au kutoka mkondo hukaza. Kwa watoto wasiojua kuogelea nenda kutembea, msilale huko kwa ajili ya kuogelea.

Onyo: msiogelee kwenye maingilio ya Mto Ruvuma. Mto ule una mamba na viboko, na maji yake hayaonyeshi chini.

Lindi mjini. Ghuba inapokea Mto Lukuledi, kwa hiyo wakati wa mvua maji huwa ya rangi ya udongo. Kiangazi hali ni nzuri zaidi. Muulize mwenyeji, usitegemee picha.

## Hatua ya 4: Ihoji hoteli kabla ya kutuma hata shilingi

Maneno "hoteli ya familia" hayana maana moja. Kwa mmoja ni bwawa la watoto na kitanda cha ziada, kwa mwingine ni bembea moja yenye kutu. Tuma ujumbe wenye maswali haya, uyaandike, usiyaulize kwa kupiga simu tu, ili ubaki na majibu:

"Habari za kazi. Tuko wazazi wawili na watoto wawili, wa miaka 4 na 9. Tunaomba mtufahamishe:
1. Bei ya chumba kwa usiku kwa Mtanzania, ikiwa na kodi zote.
2. Mtoto hulipiwa kuanzia miaka mingapi? Kitanda au godoro la ziada ni kiasi gani?
3. Kifungua kinywa cha watoto kimo kwenye bei?
4. Bwawa lina kina gani upande wa maji mafupi na upande wa maji marefu? Lina uzio? Kuna mwokoaji?
5. Maji yakipwa, wageni huogelea wapi?
6. Umeme ukikatika, jenereta huwasha feni na viyoyozi vya vyumba, au taa za mapokezi tu?
7. Vyandarua vipo vitandani? Madirisha yana nyavu?
8. Jumamosi usiku kuna muziki? Mpaka saa ngapi?
9. Tukiahirisha, malipo ya awali yanakuwaje?"

Swali la 5 ndilo linalopima hoteli. Mwenye hoteli anayejua kazi yake atakujibu moja kwa moja: maji hupwa, tuna bwawa, au tunawapeleka wageni kwa boti sehemu yenye kina. Anayejibu "hapa maji yapo muda wote" mwombe akutumie picha ya ufukwe iliyopigwa siku ya bamvua saa 4 asubuhi.

Swali la 8 lina uzito kwa sababu hoteli nyingi za ufukweni huku ndizo kumbi za harusi na starehe za mji. Mtoto wa miaka 3 halali kwa spika iliyo mita 30 kutoka dirishani. Omba chumba upande wa pili.

Bei mnayokubaliana iwe ya shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimezuia kutangaza bei na kudai malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, kwa hiyo usikubali kuhesabiwa dola. Lipa kwa jina la hoteli, si la mtu binafsi, na dai risiti.

Umefanikiwa ukiwa na majibu yote tisa kwa maandishi pamoja na jumla ya gharama nzima ya kukaa, sio bei ya usiku mmoja.

## Hatua ya 5: Safari yenyewe

Dar hadi Mtwara ni kama kilomita 560. Basi huchukua siku nzima, ndege saa moja hivi. Kwa gari binafsi lenye watoto wadogo naona heri mkalale Lindi usiku mmoja, mmalizie kilomita mia na ushei kesho yake. Mtoto aliyefika usiku wa manane hawezi kufurahia asubuhi yake ya kwanza, na kama siku hizo maji yanajaa asubuhi, mmeshapoteza.

Ondokeni alfajiri. Nangurukuru ni mahali pazuri pa kula na kunyoosha miguu. Mkifika Mingoyo mnakata kushoto kwenda Mtwara. Ukinyoosha unakwenda Masasi.

Vyumba hukabidhiwa saa 8 mchana hoteli nyingi. Mkiwahi, ombeni kuacha mizigo mapokezi na kutumia bwawa, kwa hiyo nguo za kuogelea ziwe juu kwenye begi.

## Hatua ya 6: Saa moja ya kwanza hotelini

Kabla watoto hawajakimbilia mchangani, mzazi mmoja awashike na mwingine afanye ukaguzi.

Kagua chandarua kwa kukitandaza kwenye mwanga. Tundu dogo linatosha mbu kupita. Mtwara na Lindi zina malaria nyingi, na watoto wanaotoka nyanda za baridi kama Njombe au Mbulu miili yao haijaizoea. Fungua bomba la kuogea uone maji yanatoka na yana joto gani. Jaribu kufuli la mlango, na kama mko ghorofani angalia nafasi kati ya nondo za baraza: kichwa cha mtoto kikipita, mwili utapita. Hapo omba kubadilishiwa chumba palepale. Ukisubiri kesho, vyumba vya chini vimeshachukuliwa.

Kisha nenda bwawani mwenyewe. Ingia upande wa maji mafupi, simama, uone maji yanakufika wapi. Namba zilizoandikwa ukingoni wakati mwingine zimefutika au si sahihi.

Mwisho, tafuta mtu anayejua ule ufukwe. Mara nyingi ni mlinzi wa siku nyingi, mvuvi anayeegesha mtumbwi karibu, au mama anayeokota pweza. Msalimie kwa heshima yake, "Shikamoo mzee" au "Shikamoo mama", kaa naye kidogo, kisha uliza: maji yanajaa saa ngapi leo, mkondo unavuta upande gani, wapi pana mawe, wapi watoto wa hapa wanaogelea. Linganisha na karatasi yako. Wakitofautiana, mfuate yeye.

## Hatua ya 7: Panga kila siku kwa kufuata ile karatasi

Dirisha la kuogelea ni kuanzia saa mbili kabla ya maji kujaa hadi saa moja na nusu baada ya kujaa. Andika dirisha hilo kwanza, kisha mambo mengine yazunguke humo.

Mfano wa siku ya bamvua, maji yakijaa saa 10 jioni: saa 1 asubuhi kifungua kinywa, saa 3 hadi saa 4 na nusu kutembea miambani maji yakiwa chini, saa 5 bwawani kwenye kivuli, saa 7 chakula na usingizi, saa 8 na nusu hadi saa 11 baharini. Jua huzama saa 12 na dakika chache Juni, na baada kidogo ya saa 12 na nusu Desemba, kwa hiyo mna muda wa kuoga na kukausha nywele kabla mbu hawajatoka.

Mfano wa maji mafu, yakijaa saa 4 asubuhi: baharini saa 2 hadi saa 4, halafu mtoke juani. Jioni bahari imeondoka kidogo, basi ni mpira mchangani au kutembea Mikindani.

Waeleze watoto ratiba usiku uliotangulia. Mtoto anayejua kwamba bahari inarudi saa 9 hatalia asubuhi. Muonyesheni: chomeka kijiti pale ukingo wa maji ulipo, mrudi baada ya nusu saa. Wengi hukesha kwenye kijiti hicho, na ni mchezo usiogharimu kitu.

## Hatua ya 8: Kuingia majini

Hapa sipunguzi neno. Fukwe zetu nyingi hazina waokoaji, na mtoto anayezama hapigi kelele. Hunyamaza, kichwa kikirudi nyuma, mdomo usawa wa maji.

Mzazi mmoja ni mlinzi, na hana kazi nyingine. Hana simu mkononi, hana glasi, hapigi soga. Badilishaneni kila nusu saa, na mnapobadilishana semeni kwa sauti: "Sasa ni zamu yako." Ajali nyingi hutokea watu wazima wakiwa wengi, kila mmoja akidhani mwenzake anaangalia. Kwa mtoto chini ya miaka 6, mlinzi awe majini, karibu kiasi cha kumshika kwa kunyoosha mkono.

Ingieni mkiburuta miguu. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hulala mchangani kwenye maji mafupi. Ukimkanyaga anachoma, ukimsogelea kwa kuburuta anaondoka.

Mnaposhuka miambani, rudini kabla maji hayajageuka. Hili limeponza familia siku za bamvua. Mnatembea mbali kufuata fungu la mchanga, mgongo mmeupa nchi kavu, na maji yanaporudi hayaji kwa mbele pekee. Hujaza kwanza mabonde yaliyo kati yenu na ufukwe. Mtu mzima atavuka yakiwa kiunoni, mtoto hawezi. Weka kengele ya simu ilie muda ule maji yanapofika chini kabisa, na ikilia mgeuke, hata kama mtoto ndio kwanza ameona kaa.

Mkondo ukimvuta mtu, asishindane nao kuelekea nchi kavu. Aelee, ainue mkono, aogelee sambamba na ufukwe mpaka mkondo uachie. Wafundisheni watoto wakubwa hilo bwawani siku ya kwanza.

Madhara ya kawaida na la kufanya:

*Mashale,* wale viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi. Usichimbe kwa sindano. Toa kwa kibano miiba inayoonekana nje, kisha loweka mguu kwenye maji ya moto kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Moto huo uupime kwa mkono wako mwenyewe kwanza; unatuliza maumivu, lakini ngozi ya mtoto huungua haraka. Ndiyo kazi ya ile chupa ya chai.

*Taa.* Maji ya moto vilevile, kisha hospitali, kwa sababu kidonda huwa kirefu na mwiba hukatikia ndani.

*Konyeza,* wale laini kama jeli wanaoelea majini na kuwasha. Mwagia siki. Usisugue kwa mchanga wala kuosha kwa maji yasiyo na chumvi, vyote viwili huzidisha sumu kutoka. Mtoto akivimba uso au kuhema kwa shida, ondokeni wakati huo huo.

*Jua.* Paka losheni nusu saa kabla, rudia kila baada ya saa mbili na kila wanapotoka majini. Watoto weusi nao huungua, sisemi hili kwa kubahatisha: nyuma ya shingo na mabegani hubabuka, na usiku hawalali.

Hospitali za kujua: Mtwara mjini ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula, upande wa Mikindani ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, na Lindi ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sokoine. Namba ya dharura ni 112. Kutoka Msimbati ni safari ndefu hadi yoyote kati ya hizo.

Umefanikiwa watoto wakitoka majini kabla hawajachoka, na wewe ukiwa unajua kila mmoja alipo kila dakika.

## Hatua ya 9: Chakula

Jiko la hoteli huanza kupika ukishaagiza, na samaki wa kuchoma anaweza kuchukua saa nzima na zaidi. Agizeni mchana mnapokwenda baharini, mseme saa mtakayorudi. Hili peke yake huondoa nusu ya vilio.

Kama mtoto ana mzio wa korosho, sema mapokezi, sema jikoni, na urudie kwa mhudumu kila mlo. Huku korosho huingia kwenye mchuzi, mikate na vitafunwa bila mtu kuona haja ya kukutajia. Mzio wa kamba na pweza nao usiuchukulie kirahisi.

Watoto wapeni ming'oko ya kuchemsha, mizizi inayouzwa mitaani Mtwara na Lindi. Wengi huipenda kwa chumvi na pilipili kidogo. Msimu wa korosho mtaona mabibo. Ni matamu na yana majimaji mengi, lakini yanachafua nguo doa lisilotoka. Mkiuziwa kinywaji cha mabibo kwenye chupa, ulizeni kwanza: uraka una kilevi na sio wa watoto.

Maji ya kunywa yawe ya chupa au ya kuchemsha, hata ya kusukutulia mdomo kwa walio wadogo.

## Hatua ya 10: Siku ya boti au ya Msimbati

Msikae hotelini siku zote. Siku moja ya nje inatosha, na iwe katikati ya safari.

Kwa boti, ondokeni asubuhi kabla upepo haujakaza, na mwambieni nahodha mnataka kurudi kukiwa na maji ya kutosha kushukia. La sivyo mtatembea kwenye tope mkiwa mmebeba watoto. Hesabuni majaketi kabla ya kupanda na mvalishe watoto mkiwa nchi kavu. Asipokuwa nayo ya saizi yao, tumieni mliyoleta, au msipande. Julai hadi Oktoba kuna nafasi ya kuona nyangumi nundu wakipita. Ombeni nahodha asiwafukuze.

Kwa Msimbati, njia inapitia Madimba. Mwishoni kuna mchanga unaokwamisha magari ya chini, basi ulizeni hali kabla ya kwenda. Hifadhi ina kiingilio, na hulipwa kwa kumbukumbu namba, hivyo muwe na salio kwenye simu. Bebeni maji, chakula na kivuli chenu. Matumbawe hayakanyagwi, na kombe zenye viumbe hai ndani hazichukuliwi. Mkikuta kasa au nyayo zake mchangani, kaeni mbali.

Vijiji vya pwani hii ni vya Waislamu wengi. Ndani ya hoteli vaeni mnachotaka. Mkitoka, jifungeni kanga. Mwezi wa Ramadhani vibanda vya chakula hufungwa mchana, na si adabu kulisha watoto wakubwa hadharani. Akina mama wanaookota pweza muwaombe kwanza kabla ya kupiga picha, na kama wamevua nunueni kwao.

## Hatua ya 11: Kuondoka

Vyumba hurudishwa saa 4 asubuhi. Kama maji yanajaa asubuhi hiyo na mnaondoka kwa ndege ya mchana, ombeni jioni iliyotangulia mbakishiwe bafu la kuogea. Hoteli nyingi hukubali bila malipo zikiombwa mapema, na hukataa zikishtukizwa.

Ombeni hesabu usiku wa mwisho, watoto wakiwa wamelala, muilinganishe na yale majibu ya maandishi ya hatua ya 4. Soda za watoto zilizoandikwa bila jina la mgeni ndizo huleta ubishi. Dai risiti ya mashine.

Palipo na kasoro, kama chandarua kilichotoboka, bwawa lisilo na uzio au nyaya za umeme zilizo wazi, mwambieni meneja ana kwa ana kabla hamjapanda gari, mkitaja namba ya chumba. Familia inayoingia saa 8 mchana huo ina watoto pia.

Na mtoto akipata homa wakati wowote ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi nyumbani, mpelekeni akapimwe malaria siku hiyo hiyo, na mwambieni daktari kwamba alikuwa Mtwara.